Bampa la Mbele Lifunguliwe na Mwenye Gari

Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Subaru Impreza. Gari lile halikuwa na urembo mwingi usoni. Mbele ya bampa lilifungwa ngao ya mabomba ya chuma, likabebeshwa taa kubwa, na bomba la kuvutia hewa likapandishwa hadi usawa wa paa ili injini isimeze maji wakati wa kuvuka mito. Walioliandaa walizijua barabara za Kenya na waliziheshimu.

Impreza zinazotembea leo Ngong Road mjini Nairobi au Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam zina sura nyingine. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya lami ya Japani: bampa la plastiki lililoshuka chini, mdomo mwembamba, yaani lipu, uliofungwa chini yake, vifuniko vyeusi kwenye nafasi ya taa za ukungu, na shoo, yaani grili, ya wavu katikati. Hivyo ndivyo vitu vinavyokufa kwanza gari la spoti likifika kwetu. Tuta lisilopakwa rangi, ukingo wa zege kwenye maegesho ya supamaketi, jiwe lililowekwa nyuma ya lori bovu kisha likasahauliwa barabarani. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha. Mdomo hupasuka, klipu huruka, kipande kikabaki kinaburuzwa chini kikipiga kelele hadi nyumbani.

Mwenye gari huingia gereji ya karibu, mara nyingi gereji bubu chini ya mti, na hapo ndipo hasara kubwa zaidi huanza. Fundi mwenye haraka hushika bampa kwa mikono miwili, huweka mguu nyuma na kuvuta. Masikio ya plastiki yaliyodumu miaka kumi na mitano hukatika kwa mpigo mmoja. Kisha bampa hurudishwa kwa skrubu za bati zilizopigwa usoni, au kwa waya uliosokotwa, na mteja huambiwa gari limepona. Haichukui muda mrefu kabla ya nyufa kuanza palepale skrubu zilipotoboa.

Kazi ya kubadilisha urembo wa bampa la mbele ni kazi ya nyumbani. Inafaa kufanywa na mwenye gari mwenyewe, uani kwake, asubuhi ya Jumamosi, kwa sababu inachohitaji zaidi ni subira, na subira ndiyo bidhaa ambayo fundi mwenye magari sita kwenye foleni hana nafasi ya kuiuza. Vifaa vyake ni vichache na si ghali. Elimu yake si kubwa. Tena uharibifu mwingi unaoonekana kwenye mabampa ya magari haya mitaani unasimulia mkono ulioyafungua vibaya kuliko unavyosimulia ajali.

Wanaoogopa kuligusa bampa huliona kama sehemu nzito ya gari, chuma cha kuzuia mgongano. Zamani ndivyo lilivyokuwa. Mwaka 1968 Pontiac ya Marekani ilileta GTO yenye pua ya plastiki laini iliyopakwa rangi ya gari lenyewe, na watu wakashangaa kuona gari lisilo na bampa la kung’aa. Mwaka 1972 Renault 5 ilitoka Ufaransa ikiwa na mabampa ya plastiki, gari la watu wa kawaida lililotengenezwa kwa wingi. Kuanzia magari ya modeli ya 1973 serikali ya Marekani ikaanza kudai kwamba bampa la mbele listahimili kugonga kizuizi kwa mwendo wa maili tano kwa saa, yaani kilomita nane hivi, bila taa na vifaa vya usalama kuharibika. Watengenezaji wa magari ya spoti walihangaika. MGB ya Uingereza ilivishwa mabampa mazito ya mpira mweusi mwaka 1974 na kuinuliwa kutoka ardhini, na wapenzi wake hawakulisamehe kosa hilo. Porsche ilitatua jambo lilelile kwa ustadi zaidi kwenye 911 za modeli ya 1974: mabampa ya alumini yenye mikunjo ya mpira pembeni, ili yasukumwe ndani bila kuugusa mwili wa gari. Mwaka 1982 Marekani ilishusha kiwango chake hadi maili mbili na nusu.

Kutokana na safari hiyo ndefu, bampa la gari la leo limegawanyika katika tabaka. Linaloonekana kwa nje ni ngozi tu. Nyuma yake kuna kipande cha povu gumu cha kumeza mshtuko, na nyuma ya povu kuna mhimili wa chuma au alumini uliofungwa kwa bolti kwenye fremu. Mhimili ndio unaobeba mgongano. Anayebadilisha mdomo, shoo au vifuniko vya taa za ukungu anashughulika na ngozi na mapambo yake, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutoiogopa kazi hii.

Geuza kipande chochote cha bampa uangalie mgongoni. Kuna herufi ndogo zilizochorwa katikati ya alama mbili za mshale, kwa mfano PP+EPDM. Hizo ni taarifa za thamani kubwa, na watu hupita miaka kumi bila kuzisoma. PP ni polipropilini, plastiki ileile inayotengeneza ndoo na viti vya kumbi za harusi. EPDM ni mpira unaochanganywa nayo ili isivunjike kama sahani. Zikifuatiwa na TD na namba, zinataja unga wa talki uliowekwa ndani na asilimia yake. Shoo na vipande vigumu vinavyong’aa mara nyingi huandikwa ABS, plastiki ya ukoo mwingine kabisa.

Tofauti hiyo huamua kila kitu baadaye. Polipropilini haishikani na gundi ya kawaida. Ile gundi ya chupa ndogo inayouzwa kila duka, inayonata vidole papo hapo, huachia kwenye bampa baada ya safari chache kwa sababu uso wa plastiki hiyo hauikubali. Lakini huyeyuka kwa joto la nyuzi 160 hivi, kwa hiyo ufa wake unaweza kuchomelewa kwa pasi ya plastiki na kijiti cha plastiki ya aina ileile. ABS hukubali gundi vizuri. Fibaglasi haiyeyuki kabisa. Hiyo hutibiwa kwa resini na kitambaa chake. Fundi anayepaka gundi moja kwa kila kipande hajasoma mgongo wa kipande, na mteja ndiye anayelipia kutosoma huko.

Wapo wanaosema kwamba urembo huu ni wa kujionyesha tu, na ukivunjika ung’olewe utupwe. Kwa baadhi ya vipande wana haki. Mdomo wa chini hauingii humo. Gari likikimbia, hewa inayoingia chini yake hujaribu kulinyanyua pua, na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, inakuwa mara nne. Porsche ilijifunza hili mapema. Pua ya 911 za mwanzo ilikuwa nyepesi kiasi kwamba kiwanda kilificha vipande vizito vya chuma kwenye pembe za bampa la mbele ili magurudumu ya usukani yashike barabara. Baadaye, kwenye 911 S ya 1972, kikaweka mdomo chini ya bampa, na gari likatulia kwenye mwendo wa kasi bila kubeba mzigo ule. Kipande chembamba kilifanya kazi ambayo chuma kilikuwa kinafanya kwa uzito.

Mdomo pia hushikana na kifuniko cha plastiki kinacholinda tumbo la injini. Ukipasuka upande mmoja, kifuniko hicho hukosa pa kujishikiza, hupigwa na upepo barabarani, na siku moja hung’oka chote. Hapo hewa iliyokusudiwa kupita kwenye rejeta hupata njia za mkato, matope hurukia mikanda, na mshale wa joto huanza kupanda kwenye mlima ambao zamani gari liliupanda bila shida. Mwenye gari hubadilisha tamostati, hubadilisha rejeta, hubadilisha kila kitu isipokuwa kipande cha plastiki alichokitupa miezi sita kabla.

Ununuzi ndio unaowaangusha wengi kabla hata ya kushika spana. Impreza ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2000 na kuendelea hadi 2007, ina sura tatu. Ya kwanza ina taa za duara zinazotoa macho. Kuanzia mwishoni mwa 2002 taa zikawa ndefu na zenye pembe laini. Mwaka 2005 zikaja zile zilizokunjwa kwa ukali kama jicho la mwewe, pamoja na shoo iliyogawanyika sehemu tatu. Gari ni lilelile, injini ni za ukoo mmoja, milango inaingiliana. Lakini bampa la sura moja halikai kwenye sura nyingine, na mdomo wake haukai pia. Anayefika Grogan kule Nairobi au Gerezani kule Dar es Salaam na kusema tu “nataka lipu ya Impreza” amejitafutia safari ya pili.

Aende na namba. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi ya fremu inayoanza na msimbo wa modeli: GDA kwa toleo la WRX la kizazi kile, GDB kwa toleo la STI. Msimbo huo, pamoja na mwaka wa kutengenezwa, ndio anaouhitaji muuzaji makini. Namba za vipuri vya Subaru zenyewe husomeka kwa urahisi ukizizoea. Tarakimu tano za mwanzo hutaja aina ya kipuri, zikifuatiwa na herufi mbili za familia ya gari, FE kwa Impreza hiyo ya kizazi cha pili na FG kwa ile iliyoifuata, kisha tarakimu za mwisho za toleo. Mtu aliyeona FG kwenye kipande anachouziwa kwa ajili ya gari lake la 2004 anajua mara moja kwamba kitamtesa.

Kuhusu aina ya kipande, uamuzi ni huu: kwa barabara zetu, kipande kilichotumika cha asili kutoka Japani, hata kiwe na mikwaruzo, ni bora kuliko kipya cha fibaglasi. Fibaglasi ni nyepesi na hupendeza siku ya kwanza, lakini haijui kuinama. Ikikutana na tuta hupasuka na kuacha ncha kali, tena mashimo yake mara nyingi hayalingani na ya kiwandani, hivyo fundi hulazimika kutoboa bampa zima ili kuifunga. Plastiki laini hukwaruzika, hukunjika na kurudi. Wauzaji wanaoleta nozikati, yaani pua nzima ya gari iliyokatwa Japani, mara nyingi wana vipande vidogo ambavyo hakuna anayeviulizia: vifuniko vya taa za ukungu vyenye nembo ya STI, reli za pembeni, klipu zilizo hai bado. Mnunuzi mwerevu huviomba vyote kwa pamoja wakati bado vipo kwenye pua ile.

Risiti iandikwe. Sababu inayowafanya madereva wa miji yetu kuchora namba za usajili kwenye vioo vya pembeni na taa ni wizi wa vipande hivyohivyo, na kila anayenunua urembo uliobanduliwa usiku kwenye gari la jirani anamlipa mshahara mwizi atakayekuja kwake.

Sasa kazi yenyewe. Gari lioshwe kwanza, hasa ndani ya nafasi za tairi na chini ya bampa. Ushauri huu unaonekana wa kitoto lakini ndio unaookoa klipu. Klipu ya bampa ni kitu kidogo cha nailoni chenye sehemu mbili: mwili wenye miguu, na pini ya katikati. Pini ikiwa ndani, hutanua miguu ile na klipu haiwezi kutoka. Ikilegezwa, miguu hujikunja na klipu hutoka kwa vidole viwili. Matope yakikauka kati ya pini na mwili, pini haisogei, na hapo ndipo bisibisi hutumiwa kama mtaimbo.

Kuna aina mbili ambazo kwa haraka hufanana. Moja pini yake huchokonolewa na kuvutwa nje, kisha mwili hufuata. Nyingine pini yake husukumwa ndani kidogo, milimita mbili au tatu, hadi isikike ikibofya, ndipo klipu nzima itoke. Anayeisukuma ile ya kuvutwa anaizidishia kukaza. Anayeivuta ile ya kusukumwa anaikata kichwa. Aangalie kwa tochi: yenye mfereji mdogo pembeni mwa kichwa cha pini imewekewa nafasi ya kupitishia ncha ya bisibisi, hiyo ni ya kuvuta, yenye kichwa laini chenye kishimo katikati kwa kawaida ni ya kusukuma. Klipu kumi mpya za akiba zinunuliwe kabla ya kuanza, kwa kulinganisha na moja iliyotolewa kwenye gari lenyewe, kwa sababu nailoni iliyokaa miaka karibu na joto la injini huwa imekauka na baadhi zitavunjika hata kwenye mikono ya malaika.

Spana namba 10 ndiyo itakayofanya sehemu kubwa ya kazi kwenye gari la Kijapani. Skrubu za msalaba zinahitaji bisibisi inayokaa sawasawa kichwani; nyingi za Kijapani hufuata kipimo chao, na bisibisi ya kawaida hupenda kuteleza na kula kichwa. Mkanda wa karatasi wanaotumia mafundi rangi ubandikwe kwenye fenda pale inapokutana na bampa, ili kona isikwaruze rangi wakati wa kutoka. Kila hatua ipigwe picha kwa simu. Bolti za kila upande ziwekwe kwenye kikombe chake, kwa kuwa urefu wake hautofautiani sana kwa macho lakini shimo hutambua.

Usukani ukatwe hadi mwisho upande mmoja, na nafasi hufunguka mbele ya tairi bila kuinua gari. Klipu za plastiki inayofunika nafasi ya tairi kwa ndani zitolewe, ikunjwe kidogo, na hapo huonekana bolti au skrubu inayoshika kona ya bampa kwenye fenda. Hiyo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kisha upande wa pili. Kisha klipu za juu, zile zinazoonekana boneti ikifunuliwa, pamoja na shoo kwa magari ambayo shoo yake hushikilia bampa. Kisha za chini.

Kwa anayebadilisha mdomo pekee, au kifuniko cha taa ya ukungu, mara nyingi hakuna haja ya kutoa bampa zima. Mkono unaoingia kupitia nafasi ya tairi hufika nyuma ya kifuniko na kubonyeza vishikizo vyake kimoja kimoja. Ni kazi ya kupapasa, vidole ndivyo vinavyoona. Hata hivyo, bampa likiwa limetolewa na kulazwa juu ya blanketi, kila kitu hufanyika kwa utulivu zaidi, na mwenye gari hupata nafasi ya kuona kilicho nyuma.

Kona ndipo mabampa mengi hufia. Kila kona imeshikwa na reli ya plastiki iliyo kwenye fenda, na kingo za bampa zimeingia humo kwa meno madogo. Kona hutoka kwa kuvutwa pembeni, kuelekea nje ya gari, polepole, kiganja kikiwa karibu kabisa na ukingo. Ikivutwa kuelekea mbele kabla meno hayajaachia, meno hukatika, na tangu siku hiyo kona ile itabaki na mwanya ambao hakuna rangi inayoufuta. Jua la asubuhi lisaidie: plastiki iliyopata joto kidogo hutii kuliko ile ya alfajiri ya Julai kule Nairobi au Mbeya. Bampa likishaachia pande zote mbili, awepo mtu wa pili, kwani nyaya za taa za ukungu bado zimeunganishwa nyuma na mtu mmoja hana mikono ya kushika bampa na kuchomoa plagi kwa wakati mmoja.

Kurudisha hufuata njia ileile kwa kinyume, kwa sharti moja: hakuna bolti inayokazwa hadi zote zimeingia. Kona zikae kwanza, mianya ilinganishwe kushoto na kulia, boneti ifungwe taratibu kuona kama inagusa, ndipo ikazwe. Anayekaza upande mmoja hadi mwisho atakuta mashimo ya upande wa pili yamekimbia.

Mipaka ya kazi ya nyumbani ipo, nayo iheshimiwe. Mhimili ukionekana umepinda, povu likiwa limevunjika vipande, au rejeta ikiwa imesogea, hilo si suala la urembo tena. Liende kwa fundi bodi mwenye vipimo. Magari mengi yana vihisi vya mifuko ya hewa sehemu za mbele, kwa hiyo waya hasi wa betri utolewe na dakika chache zipite kabla ya kuchomoa plagi yoyote. Taa za zenoni huwashwa kwa umeme wa maelfu ya volti. Hazichezewi zikiwa zimewashwa. Magari mapya zaidi yenye rada nyuma ya nembo au bampa yanataka kifaa cha kupima rada hiyo upya baada ya kufunguliwa, kwa sababu breki zinazojifunga zenyewe hutegemea macho hayo. Na hakuna anayeingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Stendi za chuma ziwepo, au kazi isubiri.

Rangi ni mlango mwingine. Kipande kilichotumika ambacho rangi yake inafanana na ya gari kiachwe kilivyo, mikwaruzo yake isafishwe kwa polishi. Kikihitaji kupakwa, msasa laini wa 600 au 800 upite kote, mafuta na nta viondolewe, kisha ipakwe prima maalumu ya plastiki kabla ya prima nyingine yoyote. Bila hiyo, rangi hubanduka kwenye polipropilini kama ganda la kitunguu. Vipande vidogo vyeusi vinaweza kupakwa nyumbani kwa rangi ya kopo kwa matabaka membamba, siku kavu; kwa wakazi wa pwani, unyevunyevu wa msimu wa mvua huacha utando mweupe juu ya vanishi na kazi yote hurudiwa. Lakini vanishi ya kuchanganya na dawa yake ya kukausha, ile inayotoa mng’aro wa kiwandani, ina isosaineti, kemikali inayoumiza mapafu na inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Hiyo ifanywe na fundi rangi mwenye chumba na barakoa ya kufaa, naye alipwe vizuri.

Kuna hoja kwamba wenye magari wakijifungulia mabampa wanawanyang’anya mafundi riziki. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, maana mafundi wetu wa mitaani wamebeba usafiri wa nchi hizi mgongoni. Jibu lake ni kwamba kazi hii, jinsi inavyolipwa sasa, haimnufaishi fundi pia. Mteja hutaka alipe kidogo kwa sababu “ni plastiki tu”, fundi hulipa kisasi kwa kuharakisha, na wote wawili huondoka na bampa lililopungua. Mwenye gari akishafungua bampa lake mara moja huelewa thamani ya mikono inayolifungua bila kuvunja sikio hata moja. Ataacha kubishania malipo ya fundi wa aina hiyo, na ataacha kumpelekea gari fundi wa aina nyingine. Kwa sasa soko linamwadhibu anayekwenda polepole, na wateja ndio waliolifanya hivyo.

Wauzaji wa vipuri nao wana deni. Klipu huuzwa zikiwa zimechanganywa kwenye mfuko mmoja usio na jina, za Toyota, za Nissan, za Subaru, na mnunuzi hukisia. Zikitengwa kwa kipenyo cha shimo na kuandikwa, hata kwa kalamu kwenye kasha la viatu, mabampa mengi yataokoka. Pua za magari zinazokatwa Japani ziwekewe alama ya modeli na mwaka zilikotoka kabla hazijavunjwavunjwa, kwa sababu taarifa hiyo ikishapotea hakuna anayeirudisha.

Na mwenye gari ambaye mdomo wa bampa lake unaning’inia leo, asiukate kwa kisu wala asipitie kwa mwenye skrubu za bati. Aufunge kwa muda kwa mkanda imara usiburuzwe, aandike msimbo wa gari lake na mwaka, ageuze kipande kilichovunjika asome mgongo wake, ndipo aende dukani. Akivuka matuta akiwa njiani, apite kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine.